Papa Aliyeniuma Alikuwa na Mabawa

Siku binti yangu alipopanda juu ya kiti mbele ya watu mia tatu na kupaza sauti, "Baba yangu aliumwa na papa!", nilikuwa nimevaa kofia ya pweza yenye mikono minane, na sikuwa na pa kujificha.

Acheni tu. Ngoja niwasimulie vizuri.

Mimi ni fundi wa friji. Samaki pekee niliowahi kukutana nao ana kwa ana ni wale walioganda kwenye friji za wateja.

Lakini nyuma ya mguu wa kulia, chini kidogo ya goti, nina kovu refu. Na nyumbani kwangu kovu hilo lina historia yake: nilikuwa kijana, naogelea baharini, papa akanikamata, nikamtwanga ngumi ya pua, akaniachia. Sikulia.

Ukweli? Nilikuwa namkimbia bata.

Bata bukini, yule mweupe mwenye shingo ndefu na roho mbaya. Alikuwa wa mama mkwe, ingawa wakati huo hajawa mama mkwe. Nimeenda kumsalimia binti yake, nimejipulizia manukato, nakuta bata yuko nje ananisubiri. Nikaruka ua wa seng'enge. Mwili ulipita, mguu ukachelewa.

Uongo wenyewe niliuanza kwa nia njema. Binti yangu alikuwa na miaka mitano, ameanguka kwenye ngazi, kidevu kimepasuka, daktari anataka kumshona. Akalia mpaka kliniki nzima ikatugeukia. Nikapandisha suruali nikamwonyesha kovu.

"Unaona? Papa alimuuma baba, na baba hakulia."

Akanyamaza. Akashonwa nyuzi nne bila chozi.

Kuanzia hapo kila jambo gumu likawa la papa. Sindano, papa. Giza, papa. Siku ya kwanza ya shule, papa. Sasa ana miaka minane, tunamwita Mpelelezi kwa sababu ya maswali yake, na papa wangu anajulikana darasa zima.

Mama watoto, ambaye ni muuguzi, alikuwa akisikia hadithi ile huku anakunja nguo. Hasemi kitu. Nikadhani ananistahi.

Basi likizo ikafika, tukaenda hoteli ya samaki. Siwezi kuiita vingine.

Dada wa mapokezi, amevaa mkia wa nguva na raba, akatukaribisha: "Karibuni chini ya bahari!" Kisha akatupa chumba ghorofa ya nne.

Vitasa vya milango, samaki. Taa, kasa. Kitanda chetu kilikuwa chaza aliyefungua mdomo, ukijigeuza vibaya kifuniko kinakugonga kisogo. Ukivuta maji chooni, nyangumi analia. Mdogo wetu, Kiroboto, mwenye miaka minne, aliyavuta mara kumi na saba kabla ya chai ya asubuhi.

Mezani ndiyo balaa. Mtu aliyevaa vazi la samaki mkubwa anapita kukumbatia watoto, na nyuma yake mhudumu anakuja na sahani ya samaki wa kukaanga. Kiroboto akaitazama sahani, akamtazama yule mtu, akaangua kilio.

"Wamemkaanga ndugu yake!"

Watoto wa meza tatu wakaacha kula. Yule samaki mkubwa akaondoka taratibu bila kumkumbatia mtu.

Ikafika siku ya onyesho la papa. Pale kila mzazi anavalishwa kofia ya pweza mlangoni. Ukikataa wanakutazama kama vile huwapendi wanao.

Mwongozaji alikuwa mzamiaji, mwanamke mrefu mwenye suti ya mpira na kipaza sauti. Akauliza, "Kuna yeyote hapa aliyewahi kukutana na papa uso kwa uso?"

Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Ndipo Mpelelezi akapanda kiti. Yaliyofuata mmeshayasikia.

Watu wakapiga makofi. Nikasukumwa mpaka jukwaani. Nikaona macho ya mwanangu: yanang'aa, yananiamini yote. Ningekubali bata kumi wanikimbize kuliko yale macho yazimike mbele za watu.

"Tuonyeshe kovu, baba!" mzamiaji akasema.

Nikapandisha suruali. Akainama. Akalitazama kwa muda mrefu kupita kiasi. Kisha akaziba kipaza sauti kwa kiganja.

"Mzee," akaninong'oneza, "papa wako alikuwa na meno ya seng'enge?"

"Dada yangu, nisitiri. Yule pale ni binti yangu."

Akamwangalia Mpelelezi juu ya kiti. Akashusha pumzi, akafungua kipaza sauti. "Ndugu zangu, kovu nimeliona kwa macho yangu!"

Hakudanganya hata neno moja. Wataalamu hao.

Wakanipa koleo refu lenye kipande cha samaki, nimlishe papa wao. Papa mwenyewe, jamani, ana urefu wa ubao wa kupigia pasi, ameshiba, anazunguka tangi kama mstaafu anayetafuta miwani. Hata hivyo nililishika koleo kwa mikono miwili, nikasimama mbali. Akachukua samaki kwa adabu, akaenda zake.

Nikavishwa nishani ya plastiki: SHUJAA WA BAHARI. Mpelelezi alinikumbatia kiuno mpaka tunafika bustanini kula chakula cha mchana. Nilitembea kifua mbele.

Bustani ile ilikuwa na kidimbwi cha mapambo, na kando yake bwawa la kuogelea la watoto. Nikavuta kiti. Nikasikia sauti.

Ile sauti. Kama mlango usiotiwa mafuta.

Niligeuka. Mweupe. Shingo ndefu. Ananitazama mimi peke yangu.

Mguu niponye! Kumbe mwili hausahau. Nilipita juu ya meza, sahani zikalia, nikatua kwenye bwawa la watoto, maji ya magotini, nishani shingoni na mikono ya pweza imenilalia usoni.

Nilipofungua macho, Mpelelezi alikuwa amesimama mbele ya bata na kitambaa cha meza mkononi.

"Toka! Toka hapa!"

Bata akatoka.

Akanigeukia. "Baba, papa ulimpiga ngumi. Bata umemkimbia?"

Ningeweza kusema nimeteleza. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye maji ya watoto wa miaka mitatu, nikaona basi, njia ya mwongo imefika mwisho.

"Mwanangu, hakukuwa na papa. Alikuwa bata."

Kidevu chake, kile chenye nyuzi nne, kikaanza kutetemeka, na niliumia kuliko siku ya seng'enge.

"Siku ile nilipokuwa nashonwa ulinidanganya?"

"Nilikudanganya."

"Na wewe ulipoumia, ulilia?"

"Nililia sana."

Akafikiri. "Kwa hiyo ni mimi tu ambaye sikulia."

"Ni wewe tu."

Akaingia majini na viatu vyake, akanivua nishani, akaivaa.

"Basi hii ni yangu," akasema, akaenda kula.

Mama watoto alicheka mpaka akashika mti. Nikamfuata nikichuruzika maji, nimekasirika kidogo.

"Miaka yote hii ulikuwa unajua, na ukanyamaza?"

"Nilikuwa na langu pia," akasema, akijifuta machozi. "Yule bata wa mama hakujifungulia mwenyewe."

"Unasemaje?"

"Nilimfungulia mimi. Mlikuwa mnakuja vijana wawili kwa zamu. Nilitaka kujua nani atarudi."

"Na mwenzangu?"

"Bata hakumgusa hata unyayo. Lakini yeye hakuonekana tena. Wewe kesho yake ulirudi unachechemea."

Miaka kumi najisifu kwamba niliuteka moyo wa huyu mwanamke. Kumbe nilifanyiwa usaili na bata.

Funzo langu, ndugu wasomaji, ni hili. Mtoto usimkopeshe ushujaa ambao huna, maana siku utakapoanguka ataumia yeye kuliko wewe. Mwambie ulivyoogopa. Na ukienda kuchumbia, uliza kwanza bata amefungiwa wapi.

Juzi nilikwenda kung'olewa jino. Kuona tu lile koleo, jasho likanitoka, nikaanza kumweleza daktari kwamba nina haraka. Mpelelezi, nishani shingoni, akanishika mkono.

"Baba, mimi bata nilimfukuza, na sikulia. Huo si uongo, ulikuwepo."

Nikafungua mdomo.