Muuza Picha za Kayaki wa Guangzhou

Ami amefariki. Habari nilipewa juzi kwenye ngazi za jumba la nguo la Zhanqian Road na mama mmoja wa Lubumbashi, ambaye huja Guangzhou kununua jinzi za Xintang na ambaye mwaka jana alikuwa akijiandaa kufungua hoteli kwao. "Ule baba wa picha za barafu, Mungu amemwita," aliniambia, kisha akanitazama kama anayesubiri niseme jambo. Nilijua ni jambo gani. Msomaji wangu, leo siandiki kumsifu marehemu tu. Naandika kwa sababu nilimshuku, na shaka yangu ilimnyima kitu.

Sote tulimwita Ami, yaani baba mdogo, kwa heshima ya Kimombasa. Alikuja huku kununua viatu vya jumla karibu na stesheni ya reli, viatu vikamchosha, akaanza kuuza nakala za picha za kale za mabaharia, zilizochorwa kwa rangi ya mafuta. Zilionyesha meli za matanga za wawinda nyangumi zilizonaswa na barafu ya Aktiki, na mbele yake wenyeji wa nchi ile ndani ya kayaki, mitumbwi myembamba ya ngozi ya sili iliyofunikwa juu, mtu ameingia hadi kiunoni kama aliyeshonewa humo. Mawakala wa meli wa nyumbani walizipenda zile meli. Yeye aliwapenda wale watu. "Meli imekwama, wao wapita," alikuwa akisema. Alitamani aachane kabisa na viatu, aishi kwa picha.

Mimi sikumwamini. Mji huu hukufundisha kushuku kabla hujajua kuagiza chakula. Tunachomoa uzi wa shati, tunauwasha kwa kiberiti na kuunusa, tujue kama ni pamba au plastiki. Picha nazo zina ujanja wake: mashine huchapa kila kitu kwenye turubai, kisha mtu hupaka gundi isiyo na rangi kwa brashi, ili kidole kikipita kikute matuta na moyo uamini. Ami aliapa kwamba zake ni za mkono mtupu. Niliona ameapa haraka mno.

Mama wa Lubumbashi alipotaka sita za hoteli yake, picha ileile mara sita, aliniomba niende kama shahidi. Alidhani mwandishi wa riwaya ana jicho. Ami alizipanga ukutani: mbingu moja, barafu moja, wawindaji walewale wakiinua makafi yao kwa pembe ileile. Nilipitisha kidole juu ya mbingu, nikarudi nyuma, nikakunja uso.

"Bon, mwandishi," mama akauliza, "ni mukono ao ni mashini?"

"Mama, siwezi kuapa."

"Laoban, umemusikia mwenyewe," akamwambia Ami, akimwita bosi kwa Kichina, akatundika mkoba begani.

Ami alicheka kidogo. "Kijana, shati wachoma uzi. Hizi nazo nikutafutie kiberiti?"

Wauzaji wa vibanda jirani wakaangua kicheko. Mama hakucheka, aliondoka. Mwezi haukuisha, Ami akawa amerudi kwenye viatu. Kila tulipokutana alinisalimu vizuri, na hilo likanizidishia shaka: nilidhani mtu mkweli angenikasirikia.

Jana nilikwenda kumpelekea habari mchoraji wake, mwanamke wa makamo mwenye karakana juu ya duka la fremu. Tulizungumza kupitia simu yake inayotafsiri. Akatoa moja ya zile picha sita, zilizorudi kwake bila kuuzwa, akailaza dirishani na kuniashiria niinamie pembeni. Husemwa mwenye macho haambiwi tazama. Mimi ilibidi niambiwe, tena nipige magoti. Mwanga ulipoipitia rangi kwa ubavu, niliona chini ya kila kafi mwinuko mwembamba wa kafi jingine lililofunikwa. Mchoraji huyu, kama alivyonieleza, amekua akitazama mashindano ya mashua zenye kichwa cha joka mtoni, kwa hiyo mkono wake uliwapa wawindaji wa Aktiki makafi ya huku, yenye bapa moja tu. Ami alikataa. Aliketi sakafuni na fagio, akapiga makafi hewani kulia na kushoto, mpaka mchoraji akaelewa kwamba kafi la kayaki lina bapa huku na huku. Zote sita zikarekebishwa. "Alisema wenye mitumbwi wakipita hapa wasituone wajinga," simu ikatafsiri.

Nikamuuliza kama basi picha yote ni ya mkono. Akacheka kwa mara ya kwanza. "Mbingu na meli ni mashine. Nani ana muda wa mbingu? Barafu na watu ni mimi."

Kwa hiyo Ami alidanganya, nami sikukosea kushuku. Ningependa kuishia hapo, lakini nilimpigia mama wa Lubumbashi nikamweleza yote mawili. "Ungesema vile siku ile, ningezikamata na kuzilipa," alijibu. "Mimi nilitaka bale batu. Mbingu iko kwetu."

Siku hizi ni kazi chache zinazotoka mkononi peke yake, hata huku kuandika kwetu. Swali la mkono au mashine limekuwa jepesi mno. La kuuliza ni mkono ulitua wapi, na ulikuwa ukimheshimu nani. Kushuku ni haki ya mnunuzi. Shahidi ana kazi nyingine: akiitwa aangalie, aangalie hadi amalize, kisha aseme alichokiona, kibaya na kizuri. Mimi niliishia kwenye mbingu.