Mtungi Uliolia Sauti Mbili

Nakumbuka Jumanne moja ya theluji mjini Columbus, enzi ambazo kichwa changu kilikuwa na nywele nyingi na vitabu vingi kuliko busara. Ijumaa ya juma lile ningesimama mbele ya jopo la wahadhiri kuitetea tasnifu yangu juu ya vyombo vya udongo vya Wagiriki wa kale. Nikishindwa, ningerudi Kenya mikono mitupu, kwa wazazi waliokwisha kuwatangazia majirani kwamba mtoto wao anarudi daktari.

Usilicheke somo lenyewe, mwanangu. Wenzangu niliopanga nao nyumba karibu na chuo walikwisha kulicheka vya kutosha. "Ati umevuka bahari kusoma vyungu?" Otieno alikuwa akiniuliza kila tukiosha sahani. "Si ungebaki tu kwa nyanya yako, bwana, akufunze bure!"

Mimi nilivipenda. Baada ya majumba ya wafalme wao kuanguka, Wagiriki walisahau hata kuandika, ila ufinyanzi hawakuusahau. Mwanzoni walichora miduara kwa mkono, ikipinda kama chapati ya mwanafunzi. Kisha mtu mmoja, ambaye jina lake hatulijui, akafunga brashi kadhaa kwenye bikari, akazungusha, ikatoka miduara mmoja ndani ya mwingine, safi kama maji ya kisima yaliyotupiwa kijiwe. Waliomfuata waliujaza mtungi mzima mistari ya pembepembe, pamoja na watu wenye vifua vya pembetatu wakimlilia maiti. Baadaye, kutoka nchi za mashariki, wakaja simba na maua. Na ule weusi wao si rangi ya dukani: ni udongo uliochujwa ukalainika, ukageuzwa na moto. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Tasnifu yangu yote ilisimama juu ya mtungi mmoja uliohifadhiwa chuoni. Upande mmoja miduara yake ilikuwa kamili. Upande wa pili ilitetemeka. Kitabu kimoja cha zamani kilidai kwamba mfinyanzi wake ndiyo kwanza alikuwa anajifunza bikari, na kwa hiyo mtungi ule ni daraja kati ya mtindo wa mkono na mtindo wa bikari. Vitabu vingine vilikinakili kile cha kwanza. Nami nikavinakili vyote.

Jumanne hiyo msimamizi wangu, Profesa Mugisho, mzee wa Bukavu ambaye Kifaransa hakikumtoka ulimini, aliniita katika chumba cha hifadhi. Mtungi ulikuwa mezani, juu ya blanketi.

"Bon, kijana. Huu upande wa kutetemeka, umeuona?"

"Nimeuona pichani, Profesa. Na vitabu vyote vinakubaliana."

"Vitabu vyote! Donc, mtu mmoja akikosea, na kumi wakirudia, tuko na mashahidi kumi na moja?"

Nikauzunguka mtungi, na bila kufikiri nikakunja kidole ili niugonge, kama mama yangu alivyofanya sokoni kabla ya kununua chungu chochote. Chungu chenye ufa hakijui kuificha sauti yake.

"Weh! Unataka kuua chombo cha miaka elfu tatu?" Profesa alinidaka mkono. Nilipomweleza habari za mama, akacheka mpaka akavua miwani. "Hata mama yangu alikuwa anafanya vile. Haya. Kwa ukucha. Polepole kabisa."

Upande wa miduara kamili ulilia *ti*, kama kengele ndogo. Upande wa miduara ya kutetemeka ulisema *du*, kama sanduku tupu.

Nikachukua lenzi. Katikati ya miduara kamili palikuwa na kitundu kidogo, mahali ilipochoma sindano ya bikari. Katikati ya ile mingine hapakuwa na kitundu, na wala upande ule haukuwa udongo. Ilikuwa plasta, iliyopakwa rangi na fundi wa juzijuzi aliyeziba pengo. Daraja langu lilikuwa kiraka.

"Ulijua, Profesa?"

"Toka sura ya kwanza. Nilikuwa ninangoja ukuje kuuliza mtungi."

"Na Ijumaa nitawaambia nini?"

"Kile mtungi umekuambia. Si kile watu wamekuambia."

Ijumaa nikasimama, nikalibomoa daraja langu mwenyewe mbele ya jopo. Mmoja wao akauliza, kwa ukali wa haki, ni nini basi kilichobaki. Nikajibu: "Kitundu kimoja cha sindano." Wakanipa muda niandike upya, nami nikaandika juu ya kitundu hicho, na udaktari nikaupata.

Profesa alistaafu, akahamia Louisville kwa binti yake, kati ya watu wa kwao. Mara ya mwisho nilipomtembelea, macho yake yalikuwa yamefifia. Nilimpelekea chungu kidogo nilichokinunua hapa Buffalo ninapoishi sasa, katika duka la Grant Street. Kabla ya kunishukuru alikigonga, akatega sikio. "Iko mzima," akasema. "Karibu, mwanangu." Leo hayupo, na kila nipitapo duka lile kidole hujikunja chenyewe.

Wahenga walinena, lisemwalo lipo. Nawaheshimu, lakini kwa hilo siwafuati. Kila asubuhi simu yangu hujaa habari ambazo ninyi vijana mmetumiana, na nikiuliza nani aliona, najibiwa, "Babu, kila mtu anasema." Mwanangu, ukiletewa neno juu ya mtu, juu ya dawa, hata juu ya mchungaji wako, usihesabu vinywa. Tafuta kitundu cha sindano. Gonga, lakini kwa ukucha, kwa maana hata kilicho kizima huvunjika kikigongwa kwa ngumi. Na ukigundua kwamba ulilojenga limesimama juu ya kiraka, libomoe mwenyewe, hadharani, kabla ya Ijumaa yako.

Mungu akupe macho ya kutazama na kinywa cha kusema ulichokiona. Akupitishe katika moto unaoivisha, si unaopasua. Na siku dunia itakapokugonga, ulie sauti moja pande zote.