Udongo wa Ziwa la Tatu

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa Guangzhou, mwanafunzi wa sayansi ya udongo niliyesomeshwa kwa ufadhili. Huko ndiko nilikomshuku mtu kwa muda mrefu bila kumwambia.

Alikuwa amenitangulia masomoni kwa miaka miwili, kwa hiyo nilimwita shixiong, neno la Kichina la kaka wa masomoni. Kila kiangazi profesa wetu alimtuma kaskazini kabisa mwa nchi, karibu na mpaka wa Urusi, penye maziwa madogo na ardhi ambayo chini yake imeganda mwaka mzima. Alididimiza nondo nyembamba mpaka igote barafu, akapima imeshuka kiasi gani, kisha akachimba udongo na kuufunga kwenye mifuko. Kazi yangu ilikuwa unyevu. Nilipima uzito wa udongo mbichi kwenye kikopo, nikaukausha kwenye tanuri siku nzima, nikapima tena. Kilichopungua ndiyo maji. Mimi ni mtu wa Njombe, na baridi niliyoijua ni ile ya umande kuganda kwenye majani ya viazi. Habari za kule nilizipata kwenye mifuko yake tu.

Mwaka mmoja alirudi mwezi wa tisa, kimya kuliko kawaida yake. Mifuko ya maziwa mawili ya kwanza haikuwa na neno: udongo wa ukingoni ulinata vidoleni, wa mwinukoni ulikuwa mkavu kiasi. Ziwa la tatu likanikwaza. Udongo ulioandikwa kwamba umetoka hatua tano kutoka majini ulichambuka mkononi kama majani ya chai. Kwanza nilidhani ni hewa ya Guangzhou, inayotoa jasho hata ukutani. Lakini hewa ya namna hiyo ingeongeza maji, isingeyapunguza. Nikapima upya, jibu likawa lilelile.

Nilipomwuliza, alisema niandike nilichokipata. Nikaomba daftari lake la safari, akasema ataleta, hakuleta. Siku moja nikamwona akilitia kwenye droo na kuzungusha ufunguo. Katika maabara ile, ambamo tulichangia hata majani ya chai, sikuwahi kuona mtu akifunga droo.

Baada ya ibada ya Jumapili nilimsimulia dada mmoja wa Arusha, aliyekuwa amekuja kununua nguo barabara ya Zhanxi. Hakujua lolote kuhusu barafu, ila sampuli alizijua. Mwaka uliopita, kiwanda kimoja kilimwonyesha jinzi nzito kikamfungia nyepesi.

"Huyo kaka yako hakufika huko anakosema," aliniambia. "Kachimba karibu na barabara, kaandika jina la ziwa."

Maneno hayo yakanikaa. Nikagawa udongo uliobaki, sehemu moja nikaitia kwenye kopo la maziwa ya unga, nikalizungushia utepe wa gundi na kulificha chini ya kitanda bwenini. Kwenye vikopo vya maabara nilichora alama ndogo za penseli, kila moja ikitazama dirisha. Jumatatu nilikuta alama tatu zinatazama mlango. Nilimsalimia shixiong kama kawaida, na moyoni nikawa nimeshamhukumu.

Jumapili iliyofuata sikwenda kanisani. Nilifika maabara asubuhi nikamkuta shixiong mbele ya mizani, vikopo vyangu vimepangwa mezani, daftari langu liko wazi.

"Unafanya nini na vikopo vyangu?" nikamwuliza.

Hakushtuka. Alimaliza kuandika namba, akaweka kalamu chini.

"Napima ulichopima," alisema. "Nilidhani uliacha mifuko wazi, maji yakatoka."

Kumbe na yeye alikuwa akinichunguza. Nilikasirika, halafu nikaona aibu, maana chini ya kitanda changu kulikuwa na kopo. Nikaenda kulichukua. Alilitazama, akatazama ule utepe, akaelewa bila kuambiwa. Tulipima pamoja, tukatia kwenye tanuri, na kesho yake tukapima tena, kila mmoja akisoma mizani kwa zamu. Udongo ulikuwa mkavu vilevile.

Ndipo alipofungua droo. Alinipa picha moja. Ilionyesha tope lililopasuka na nyasi changa, na katikati nguzo ya kupimia kina cha maji, aliyoisimika mwenyewe mwaka uliotangulia. Maji hayakuwepo.

"Nilidhani nimepotea," alisema. "Nilizunguka siku mbili na ramani. Halafu nikaiona nguzo."

Alihesabu hatua tano kutoka ukingo wa kwenye ramani, akachimba. Kwenye daftari, sehemu ya ziwa hilo, palikuwa na namba ya kina cha barafu iliyokatwa kwa wino. Aliibuni, akaikata. Nondo yake ilikuwa imezama yote bila kugota kitu, na aliogopa profesa angesema hakufika.

Hofu yake haikuwa ya bure. Tulipompelekea profesa picha na vipimo, alitusikiliza mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa, akituuliza maswali yaleyale. Alitaka filamu yenyewe, si picha. Mwishowe alisema matokeo ya ziwa la tatu yasiandikwe popote, na majira yote ya baridi alitutazama kama watu waliopanga jambo.

Kiangazi kilichofuata alikwenda mwenyewe. Aliporudi aliingia maabara na viatu vyenye matope, akatuambia barafu ya chini imeyeyuka na maji yamepenya ardhini. Ziwa halipo. Hakutuomba radhi, na hatukutarajia.

Mimi nilimwomba radhi shixiong siku hiyohiyo, tukiosha vikopo. Nilimweleza kila kitu, hata maneno ya yule dada. Akaniuliza kama kweli sikuacha mfuko wowote wazi. Nikamwambia ukweli: mmoja, kwa muda mfupi, nilipokwenda kunywa maji. Akaniomba namba ya mfuko huo, akaiandika.