Anayekata Huchagua Mwisho

Mtaani wanamwita Mama Chaki. Ni fundi cherehani, na kwa miaka yote aliyokata vitambaa vya watu chaki yake haikuwahi kukosea. Ilikosea siku ya kugawa nyumba ya marehemu baba yake.

Warithi walikuwa watatu: kaka yake, dereva wa lori; yeye; na mdogo wao, muuguzi. Marehemu alitaka wapate sawa. Baba mdogo, msimamizi wa mirathi, akafuata desturi ya ukoo: anayekata huchagua mwisho.

"Wewe ndiye fundi," alimwambia. "Kata. Ukipunja, umejipunja mwenyewe."

Chumba cha mbele ndicho pekee chenye mlango wa barabarani. Humo mna cherehani yake, meza ya kukatia, na ndimo wateja wanamojua kumpata. Akikikosa, hana pa kuhamia. Kodi za mtaa ule hazishikiki. Akapima, akapiga mistari ya chaki sakafuni hadi ukutani. Mafungu matatu, sawasawa: mbele, kati, na nyuma kwenye ua; ujia wa uani ulipita kando ya cha kati ukaishia kwenye chumba cha mbele.

Mdogo alichagua kwanza. Alisimama mlangoni, akatazama barabara kwa muda mrefu.

"Kelele mno, dada. Nipeni nyuma, kwenye ua."

Ikawa zamu ya kaka. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akazungusha gurudumu la cherehani polepole.

"Mbona jasho, Mama Chaki? Unadhani nataka kushona magauni?" Alicheka peke yake. "Ila hiki nikikipangisha, kitanilisha."

Fundi alishika ukingo wa meza.

Kaka akainama, akaangalia chaki. "Hee! Na wa kati na wa nyuma watapita wapi? Juu ya paa?"

Ni kweli. Yeye anayewagombeza wanagenzi kwa kukata bila kubakiza kitambaa cha mshono alikuwa amegawa nyumba nzima bila kubakiza njia.

"Kumbe chumba hiki kitakuwa korido," kaka alisema. "Basi nachukua cha kati."

"Ngojeni," baba mdogo aliingilia. "Njia ikila chumba cha mbele, mafungu hayako sawa tena. Afute, akate upya. Na mchague upya."

Kuchagua upya. Fundi alimwona kaka yake akitazama tena barabara.

"Msifute," alisema haraka. "Njia itoke kwangu."

"Dada, utabaki na nini hapo?" mdogo aliuliza.

Fundi alikwisha kupiga magoti, na mstari mpya ulikuwa ukipita chini ya meza ya kukatia.