Niliulizwa mkubwa wa hapa nani, nikamwonyesha mama mkwe

Admin, nifichie jina, maana wakwe zangu nao wanaifuata page hii.

Sasa hivi mwanangu kaokota mkaa, kanyata mpaka alipolala bibi yake, kamchora X kubwa mguuni. Ana miaka mitatu. Nimemuuliza, "Zuhura, unafanya nini?" Kanijibu, "Bibi anahama." Watu wa hema la jirani wamecheka mpaka wamekohoa. Na mimi nimecheka, halafu machozi yakanitoka, ndiyo nikashika simu niwaandikie.

Nina miaka ishirini na tatu, naishi Kilosa, nimeishia darasa la saba, nikikosea kuandika mnivumilie. Baba Zuhura ni mtunza bustani kwenye hoteli moja huko Mikumi, anarudi mwisho wa mwezi. Hatujafunga ndoa, tunaishi tu, lakini mama yake alinipokea nina mimba na hajawahi kunisimanga hata siku moja. Nyumba yangu na yake zilikuwa zinatazamana, katikati uwanja tunaofagia kwa zamu. Yangu nimeijenga kwa nyanya nilizouza stendi ya Dumila. Tofali nimefyatua mwenyewe, mtoto mgongoni.

Mto ulipofurika nyumba ya mama ilianguka. Kwangu maji yaliishia kizingitini. Nikamshukuru Mungu, nikamhamishia mama kwangu, tukawa tunapika jiko moja. Siku ya tatu wakaja watu wa kamati ya maafa na askari, wana madaftari na kopo la rangi nyekundu. Wakatukuta uani tunakunywa uji. Mmoja akauliza, "Mkubwa wa hapa nani?"

Jamani, mtu akiuliza hivyo na mama mkwe wako kakaa hapo, utajitaja wewe? Nikamwonyesha mama, tena kwa mikono miwili. Akaandika jina lake, mimi na Zuhura akatuweka chini yake. Kisha akachora X kwenye ukuta wangu.

Kumbe alikuwa anaandika kaya. Serikali imetangaza hali ya dharura, ukanda wote wa mto haukaliwi tena, hata kama maji hayakuingia ndani kwako. Kila kaya inapata hema moja hapa kambini na kiwanja kimoja huko wanakotuhamishia. Nyumba zenye X zinavunjwa Jumatatu. Juzi nilijaribu kurudi nichukue hata mlango na bati, askari akanirudisha, tena kwa upole: "Dada, ni amri. Nikikuruhusu wewe nitamzuia nani?"

Nikaenda meza ya kamati, nikamwamkia bwana mmoja mtu mzima, nikamweleza kwamba sisi ni nyumba mbili. Alinisikiliza vizuri, akavua miwani.

"Binti, siku za kawaida ungeandika barua, ungekata rufaa. Hii ni dharura, orodha ikishapita imepita. Labda umlete mama aseme hapa mbele ya mashahidi kwamba wewe si mtu wa kaya yake. Hapo nitakuandika peke yako, kabla gari la kwenda viwanjani halijaondoka Ijumaa."

Nikarudi mbio nina furaha, nikijua limekwisha. Nikamwambia mama. Akaanza kuongea Kisagara, na akianza hivyo ujue jambo limemwingia. Mwisho akasema, "Nyumba imekwenda. Shamba limekwenda. Sasa unataka nisimame mbele za watu niseme sina mkwe, sina mjukuu?"

"Mama, ni kwenye karatasi tu."

"Na ile X si ilikuwa rangi tu?"

Nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji.

Mtasema nikae kwenye kiwanja chake, shida iko wapi. Mama ana watoto sita. Yeye akiwa mzima hakuna wa kunigusa. Ila siku akifumba macho, mimi nisiye na ndoa nitasimama na mtoto wangu niwaambie nini wale sita? Nimempigia baba Zuhura, kanijibu, "Nyie wanawake mnajuana, malizaneni." Halafu kauliza kama redio yake ilipona na maji.

Leo ni Alhamisi. Mama tangu jana hajatia kitu mdomoni, ananiambia tu mpe mtoto. Mimi sijakata tamaa, nasikia huko ardhi ni nzuri, mbegu zangu za nyanya nimezifunga kwenye ncha ya khanga. Lakini kila nikigeuka sioni njia. Siwezi kumburuta mtu mzima akajitangaze hana watu, na huyu ndiye aliyenipokea nikiwa sina pa kwenda. Na nikinyamaza tu, Jumatatu ukuta wangu unalala chini na hakuna daftari litakalosema niliwahi kuwa na nyumba.

Mama kaamka. Kaiona ile X mguuni, hajaifuta. Anajifunga kitenge chake cha kwendea msibani. Ananiita: "Mwanangu, acha simu, njoo unishike mkono, matope haya yataniangusha. Twende kwenye hiyo meza yenu kabla hawajafunga."

Sijui anakwenda kusema nini. Nishaurini upesi jamani, nifanye nini, maana tukifika pale wakiniuliza huyu mama ni nani kwako, mimi nitasema ni... Ananivuta mkono, naituma hivi hivi.