Kikombe cha Buluu cha Rehema

Sina elimu ya kutunga uongo ukapendeza. Haya yalinipata mwenyewe, hapa hapa Vingunguti, tena alasiri, jua likiwaka. Ingekuwa usiku ningesema ni usingizi.

Mdogo wangu Rehema alikuwa na sukari. Alijidunga sindano zake vizuri mpaka alipopita mama mmoja muuza mitishamba, kapu kichwani, chupa za maji ya dukani zimejazwa maji meusi ya magome. "Sindano zinakausha damu," alimwambia. "Ukinywa yangu, hizo tupa." Mie nilikataa. Rehema, mtu mzima mwenye akili zake, akatupa. Kila asubuhi akawa anapimia dawa kwenye kikombe chake cha bati cha buluu, kilichobanduka rangi mdomoni. Wala hakumwambia yule mama asante, maana sie huku tunaamini dawa haishukuriwi. Ukisema asante, imekufa nguvu.

Nguvu zilimwisha yeye. Tukamzika, na juu ya kaburi tukaweka kile kikombe, kama wanavyofanyaga wazee wetu wa Kizaramo. Nilikifukia nusu mchangani kwa mikono yangu. Lishike hilo.

Akaniachia mtoto, Mwanaidi, mwenye pumu. Hospitali walimpa dawa ya kuvuta, nikamfungia kwa kamba shingoni asiipoteze.

Siku ya arobaini, wasomaji wa hitma walipoondoka, nilikuwa nimechuchumaa uani nasugua masufuria, Mwanaidi kando yangu. Nikasikia kapu likilia, kwaru, kwaru. Nikainua macho. Yule mama amesimama ndani ya ua, na mlango wa mabati bado una komeo.

Nikatoa shikamoo, mazoea tu. Badala ya marahaba, akauliza:

"Mgonjwa wangu yuko wapi?"

"Umeshamuua, unamtafutia nini?"

"Yule simtafuti. Yule najua alipo." Akacheka. "Namtaka huyu wa kifua."

Akatoa chupa. Kisha akatoa kikombe. Cha buluu, kimebanduka mdomoni, mchanga umeganda ubavuni. Niamini, niliomba kiwe kingine. Akakijaza.

"Njoo, mwanangu, unywe kwa kikombe cha mama. Na hilo lidude shingoni livue."

Mwanaidi akaivua kamba. Nikataka kuinuka, miguu ikagoma kama imepigiliwa misumari. Mikono ya mtoto imeshafika kwenye kikombe. Wewe ungefanya nini? Mie nilibakiwa na mdomo tu.

Nikapiga kelele: "Asante! Asante sana, mama! Asante kwa dawa!"

Uso wake ukajikunja. "Mshenzi wewe! Nani kakufundisha adabu?"

"Asante," nikarudia, huku nalia. Kila nikisema, ile dawa ilipauka, mpaka ikawa nyeupe kama maji ya bomba. Akanitemea mate miguuni.

Jirani yangu, Mama Salumu, akachungulia juu ya ukuta. "Shoga, unamshukuru nani humo? Na huyo mtoto anamnyooshea nani mikono?"

Nikageuka kumtazama. Niliporudisha macho, yule mama hayupo, kikombe kilikuwa chini, maji yanazama mchangani, Mwanaidi anatweta. Miguu ikanirudia. Nikaokota dawa yake ya hospitali nikamvutisha mpaka kifua kikafunguka.

Kesho yake nilikwenda makaburini. Pale nilipokifukia kikombe palikuwa na shimo la duara, mchanga mbichi. Nikakirudisha. Jioni nikakikuta jikoni kwangu. Nimekirudisha tena na tena, nimechoka. Sasa kipo, nimekifunika kwa sufuria bovu, hakuna anayekigusa. Na alasiri nyingine, nikiwa nasugua vyombo, kapu hulia nyuma ya ukuta. Siinui macho. Nasema asante mpaka linyamaze. Majirani wananiona nimechanganyikiwa kwa msiba. Na waone.

Sikukatazi mitishamba. Mie mwenyewe nikikohoa nachemsha tangawizi. Lakini akija mtu kwako akakwambia utupe dawa za hospitali, usibishane naye. Mweke mtoto nyuma yako, huyo mtu mwambie asante, kwa sauti, tena na tena. Halafu tazama ameshika chombo cha nani.