Mbwa Aliyechukia Salamu

Mbwa wangu ana kilo thelathini na mbili, mimi nina miaka hamsini na mitatu, na kwa muda mrefu majirani zangu wa Bondeni hawakuwa na shaka ni nani kati yetu anayemtembeza mwenzake. Kila asubuhi nilitoka nimeishika kamba kwa mikono miwili, malapa yakikwaruza chini, na kabla sijakaa sawa nilikuwa nimeshafika kwenye duka la mkaa. Watu walizoea kujibanza ukutani tupite. Mimi nami nilizoea kuwasalimu nikiwa nimeshawapa mgongo.

Mbwa huyu alikuwa wa mume wangu. Mume wangu alikuwa mfanyakazi wa bandarini, na siku moja alimleta nyumbani ndani ya helmeti yake ya kazi, akaniapia kwamba ni wa aina ile isiyokua. Mume wangu alifariki mwaka jana. Mbwa alibaki, na alikuwa amekua. Sitajifanya kwamba nilimpenda wakati mwenyewe yuko hai. Alikuwa akila viatu vyangu tu, vya bwana haviguswi. Lakini sasa ndiye pekee aliyeinua kichwa pamoja nami kila iliposikika hatua ngazini saa kumi na moja jioni. Kwa hilo tu nilikuwa tayari kugombana na mtu yeyote.

Mwenye nyumba wetu, mama wa miaka sabini na kitu anayekaa chini, alimvumilia kwa sharti moja: mbwa asimguse mtu. Mtaani kwetu wengi ni Waislamu, na mate ya mbwa yakigusa nguo, nguo hiyo haiswaliwi mpaka ioshwe mara saba, mara moja kwa udongo. Mimi ni Mkristo kutoka Taita, lakini nimekaa kisiwani Mombasa miaka ishirini na saba na jambo hilo halikuwa geni kwangu. Kwa mbwa lilikuwa geni kabisa.

Ijumaa moja adhuhuri, fundi cherehani anayeshona barazani nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwa akielekea msikitini, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka. Aliponiona alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye adabu hukifanya: alisimama kunisalimu. Mbwa alimwendea kwa furaha, nami nikaenda naye kwa sababu sikuwa na hiari, na ile pua yenye majimaji ikapita kwenye kanzu kuanzia mfukoni hadi gotini. Fundi hakutamka neno baya. Aliitazama kanzu, akaitazama saa, akageuka kurudi nyumbani kuoga na kubadilisha. Hotuba ilimpita.

Jioni mwenye nyumba aliniita.

"Mwanangu," akasema, "mimi sina ugomvi na kiumbe wa Mungu. Lakini nakupa hadi mwisho wa mwezi. Ama huyo mbwa atembee kwa adabu, ama umtafutie pa kukaa. Siwezi kila Ijumaa kuwataka watu radhi."

"Nimesikia, mama."

Pa kukaa palikuwa mahali pamoja tu: kwa shemeji yangu huko Voi, ambako mbwa hufungwa mnyororo kando ya zizi la mbuzi na hafunguliwi mpaka afe. Nilipanda juu nikakaa jikoni nikalia. Nilimkasirikia mbwa, nikamkasirikia marehemu, na hata fundi nilimkasirikia kwa kujua kupiga pasi.

Kesho yake nilikwenda kwenye duka la dawa za mifugo, karibu na Marikiti. Muuzaji alinitolea kola ya mafunzo, mnyororo mwembamba wa chuma wenye pete mbili. Mbwa akivuta, unambana shingo. Akitulia, unalegea.

"Akivuta tu, mshtue kidogo kwa kamba, kisha mwachie hapo hapo," akanielekeza. "Wiki mbili, atatembea kama askari."

Na kweli, njia ikiwa tupu, alitembea kama askari. Tatizo ni kwamba mtaa wetu hauna njia tupu. Hapa mtu hampiti mtu kimya. Na ukishajibu hujambo, hapo bado hamjaanza. Kuna habari za asubuhi, za nyumbani, za kazi, za watoto, za yule mgonjwa, kisha mlaumu joto kidogo ndipo muagane. Mbwa wangu, anayependa watu kuliko nyama, kila aliyefungua mdomo alitaka kumrukia. Nami nikiikumbuka ile kanzu sikusubiri arushe mguu. Nilimwahi.

"Hujambo, jirani?" Namshtua. "Sijambo, wewe je?" "Sijambo. Habari za asubuhi?" Namshtua. "Njema." "Za nyumbani?" Namshtua tena, asije akafikiri tumemaliza. Nilijiona mwerevu kweli kweli.

Wiki ya pili, mama anayeuza mahamri pembeni alinisalimu kwa sauti yake tamu ya siku zote, na mbwa akanguruma. Nikadhani ni tumbo. Mbele kidogo, mzee mmoja akatuambia "salama?", na mbwa akamwonyesha meno yote. Siku mbili baadaye mtangazaji wa redio aliposema hamjambo wasikilizaji, mbwa alisimama katikati ya jikoni na kuitolea redio ukali ambao sijawahi kuuona. Nilikuwa nimefanikiwa kumfunza mbwa kuchukia salamu, na hapa ni Mombasa. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Aliyeniokoa ni fundi. Siku hiyo nilikuwa napita mbele ya baraza lake nimeishikilia kamba fupi kabisa, naomba Mungu asinisalimu. Hakunisalimu. Aliinua mkono tu, akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Mimi hukaa hapa kutwa, nawaona," akasema. "Huyo mbwa hana neno. Mtu akikwambia hujambo, wewe wamkaba koo. Akikuuliza habari za nyumbani, wamkaba tena. Hata mimi ningeichukia hiyo salamu."

Nilimtazama mbwa, naye akanitazama, na nikaona aibu iliyonishuka mpaka miguuni.

"Sasa nifanyeje, fundi?"

"Mvue hicho chuma. Nitakushonea mkanda wa kifuani. Akivuta, abanwe kifua, asibanwe koo. Niliwahi kumwona mbwa wa mtalii yuna kitu kama hicho, kule Ngomeni. Mpime mwenyewe."

Akanirushia futi yake ya kupimia. Nilimzungushia mbwa kifuani, nikasoma namba kwa sauti, fundi akaziandika kwa chaki kwenye meza. Nilipotaka kuirudisha ile futi, alirudisha mikono yake nyuma kwa upole. "Kaa nayo tu," akasema.

Mkanda aliushona kwa utepe wa begi, mwekundu, mishono miwili miwili. Pia aliniagiza nichemshe maini, niyakate vipande vidogo, niyatie mfukoni. Yeye akawa mwalimu wa mbali. Kutoka kwenye cherehani, pini zikiwa midomoni, alisema "hujambo", nami nikaangusha kipande cha ini mguuni pangu. "Habari za asubuhi?" Kipande. "Za kazi?" Kipande. Mama wa mahamri akaingia darasani bila kualikwa, akawa anasalimu kutoka ng'ambo ya njia kila alipopata nafasi, na maini yangu yakaisha kabla ya saa mbili.

Baada ya wiki moja mbwa alijua kwamba salamu ni chakula. Mtu akifungua mdomo, yeye alirudi mguuni pangu, akakaa, akautazama mfuko. Kisha akazidisha. Alianza kusimama mwenyewe mbele ya kila baraza na kukataa kuondoka mpaka tusalimiwe. Asubuhi moja tulimngojea hamali aliyekuwa na gunia la vitunguu kichwani, na maskini ilimbidi atusalimu.

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo halinipendezi kulisema. Tangu mazishi, kila mtu aliponiuliza habari za nyumbani, mbwa alikuwa akinivuta, nami nikisema samahani, huyu ananivuta, nikatoweka. Watu walinihurumia kwa kuwa na mbwa mkaidi. Lakini mara nyingi sana, swali hilo lilipokaribia, mimi mwenyewe ndiye niliyelegeza kamba.

Siku ya mwisho ya mwezi nilishuka ngazi nikamkuta mwenye nyumba amekaa mlangoni, kiti kimeziba nusu ya njia, sinia la mchele mapajani. Alikuwa akichagua mchele na hakuwa na haraka. Nilijua anangoja nini.

"Hujambo, mwanangu?"

Mbwa akakaa. Kati ya pua yake na dera la mama palikuwa na hatua moja.

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Habari za asubuhi?"

"Njema."

"Za kazi?"

"Njema, mama."

"Na za nyumbani?"

Nikamtazama mbwa. Alikuwa ametulia tuli, kamba imening'inia mkononi mwangu, hakuna popote anaponivuta.

"Si njema, mama," nikasema. "Mpaka leo nampikia bwana. Kila jioni napika cha watu wawili, kisha nakitazama."

Mwenye nyumba aliliweka sinia chini. Alimtazama mbwa, akanitazama mimi, akainuka na kukisogeza kiti ukutani.

"Mfunge hapo kivulini," akasema. "Ndani nina kopo kuukuu, nitakupa liwe lake la maji. Kisha ingia tukae."